Paka wa pili nyumbani: Sijali alivyompokea Ng'ambo

Mtaani kwetu Mikumbi, hapa Lindi mjini, mtu akileta paka wa pili ushauri ni mmoja tu: mwachie humo humo ndani, watapigana leo na kesho, keshokutwa watazoeana. Mimi siuamini. Nimewaona paka wa majirani "waliozoeana" kwa mtindo huo. Mmoja anatawala nyumba, mwingine amehamia juu ya paa la jiko na hashuki mpaka watu walale. Huyo wa juu ya paa hajazoea chochote, ameshindwa kesi.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu naifanyia ukumbini kwangu, na paka nilianza kufuga kwa sababu ya kazi kabla ya mapenzi kuingia. Panya akitoboa jora la mteja, hutamlipa kwa pole. Ndiyo maana nina Sijali, jike wa madoa meusi na meupe, sikio la kushoto limechanika ncha tangu alipookotwa. Jina alimpa mume wangu. Huku kwetu kina Sijali, Sikudhani na Sikujua ni wengi, kwa hiyo hakuna aliyelishangaa, isipokuwa nyumba ya pili kuna mama mwenye jina hilo hilo, na tukimwita paka kwa sauti huitika yeye kwanza. Sijali ana mahali pake: meza ya kukatia, pembeni ya pasi ikishapoa. Miaka yote hiyo hajawahi kugawana meza hiyo na kiumbe mwingine mwenye mkia.

Huyu wa pili sikumtafuta. Shangazi yangu alikuwa anakaa Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Wanawe wakamchukua kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya macho, na ikaonekana wazi kwamba hatarudi upesi. Aliacha kuku, wakachukuliwa na jirani. Aliacha mbuzi, akauzwa. Paka hakuwa na mnunuzi. Shangazi alinipigia simu, akanizungushia habari za macho, za daladala za Dar, za mjukuu aliyekataa shule, mwishoni kabisa akasema, "Na yule mtoto wangu wa kijivu, mama?" Nikajua nimeshapewa paka.

Nilivuka kwa kivuko kwenda kumchukua. Wengi husafirisha paka kwenye kiroba. Kiroba kinamnyima hewa, hakimwonyeshi kitu, na akifika anakuwa ameshajikojolea kwa hofu. Halafu ndiyo unataka huyo, mwenye mkojo na hofu, akakutane na mwenye nyumba. Mimi nilibeba tenga dogo la kuku, ndani nikatandika kanga kuukuu ya shangazi ambayo haijafuliwa, na juu nikafunika na kipande cha kitenge nilichokishonea kamba pembezoni. Kanga ile kutofuliwa ilikuwa makusudi. Vijana wa kivukoni walicheka sana: mama kabeba kuku anayelia nyau. Tukiwa bado majini nikampigia mume wangu: "Mfungie Sijali chumbani, fungua mlango wa uani." Nikapita uani moja kwa moja hadi stoo, nikafunga mlango. Sijali hakumwona mtu. Lakini nilipotoka alinusa viganja vyangu, akanusa pindo la gauni, akaondoka kwa hatua fupi fupi bila kugeuka. Kwa hiyo habari alishazipata.

Jina la mgeni tulilipata siku hiyo hiyo. Mtoto aliuliza paka katoka wapi, tukasema ng'ambo. Basi, Ng'ambo.

Kwa nini stoo? Kwa sababu paka si mbwa. Mbwa asili yake ni kundi. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa huku Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake na kulinda eneo lake peke yake. Katika ukoo wote wa paka, wakubwa kwa wadogo, ni simba ndiye anayejulikana kuishi kwa familia. Paka wetu anaweza kuishi na wenzake, tena vizuri, ila moyo wake hauanzi na "karibu". Unaanza na swali: huyu anakula cha nani, analala kwa nani? Na swali hilo hulijibu kwa pua kabla ya macho. Anaposugua shavu kwenye mguu wa meza au kwenye mguu wako, ana tezi mashavuni, kidevuni, kwenye paji na chini ya mkia, zinaacha harufu. Anapokwaruza gogo la mlango, nyayo nazo zinaacha harufu. Nyumba yako nzima imeshaandikwa jina lake, wewe tu huwezi kulisoma. Sasa umlete mwingine umtupe katikati ya maandishi hayo!

Sababu ya pili ya stoo ni maradhi. Paka wana magonjwa yao wanayoambukizana, lipo hasa moja la kuhara na kutapika ambalo linaua watoto wa paka kwa haraka, na kirusi chake hukaa kwenye vyombo na sakafu muda mrefu. Daktari wa mifugo aliniambia mgeni akae peke yake kama wiki mbili, tuone kama ana kitu. Alimpa dawa ya minyoo na kumchoma chanjo ya kichaa cha mbwa. Ndiyo, paka naye hupata kichaa cha mbwa, na huambukiza. Kila mwaka 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watu wanaikumbuka kwa ajili ya mbwa, paka wanabaki wamelala darini.

Viroboto alikuwa nao. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu jirani alikuja na kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, anataka tumpake. Usifanye hivyo. Dawa nyingi za mifugo na za mbwa zina viuadudu vya jamii ya permethrin, ambavyo kwa ng'ombe ni dawa na kwa paka ni sumu: anatetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Na ukiwa hapo hapo, panadoli pia usimpe, hata nusu kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ng'ambo nilimchana kwa kitana cha meno ya karibu karibu, kila mara nakichovya kwenye maji ya sabuni. Kazi ya jioni nzima, na viroboto nilivyovitoa sitavielezea watu wasije wakaacha kuniletea nguo.

Haya, mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi nasi, na Ng'ambo aliingia mwanzoni mwa Ramadhani. Kufunga paka ndani ya mwezi mtukufu kulimuuma kweli. Nilikuwa kwenye cherehani, kanzu za Idd zimenikaba, akaja akasimama mlangoni na tasbihi mkononi.

"Mwanangu, huijui hadithi ya yule mwanamke?"

Anaijua kila aliyekwenda madrasa. Mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka.

"Naijua, mama."

"Sasa?"

"Yule alimfunga mpaka akafa, mama. Hakumpa chakula, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Wangu ana samaki, ana maji, ana mchanga, ana dirisha la nondo anaona mpaka muembe wa watu."

"Analia."

"Analia mgeni. Nikimtoa leo atakutana na Sijali, atalia zaidi."

Akaguna, akaondoka. Kesho yake baada ya alasiri nikamkuta amehamishia mkeka wake stoo. Amekaa pembeni ya magunia, anavuta uradi kwa sauti ya chini, hamwangalii paka wala hamwiti. Aliniambia, "Usiseme nae. Mwache asikie tu." Hakuna kitabu kilichomfundisha, lakini ndivyo inavyotakiwa: mtu anakaa chini, hanyooshi mkono, hakodoi macho. Ng'ambo alikuwa na siku kadhaa anaishi nyuma ya magunia, akitoka usiku tu kula. Kwa ile sauti ya uradi akaanza kutokeza. Kwanza masharubu, halafu kichwa, halafu akaja akapita juu ya mswala uliokunjwa. Nikasema mswala wako huo, mama. Akanijibu kama mwalimu: paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Tangu hapo stoo ikawa yake na Ng'ambo, mimi naomba ruhusa kuchukua unga.

Kazi yangu ilikuwa vitambaa. Msimu ule meza ilijaa mabaki meupe ya kanzu, pamba laini, na hayo ndiyo niliyoyatumia. Nachukua kipande, namsugua Ng'ambo mashavuni na kidevuni taratibu, akiwa ametulia. Kipande kingine kwa Sijali. Halafu nabadilisha: cha huyu nakiweka karibu na anapolala yule, nao wanajuana bila kuonana. Muhimu ni shavu. Harufu ya shavuni ni ya paka aliyetulia, ya chini ya mkia au ya mkojo ni habari nyingine kabisa.

Mara ya kwanza Sijali kupewa kile kitambaa nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikaacha nimtazame. Alikisogelea akiwa amerefusha shingo, miguu ya nyuma imebaki mbali, tayari kurudi. Akanusa. Akainua kichwa, mdomo ukabaki wazi nusu, ule wa juu umekunjika, macho hayatazami kitu. Wengi hudhani anachukia harufu. Kumbe ana kiungo kidogo kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, na hapo ndipo anapoipeleka harufu anayotaka kuichunguza kwa kina. Alikaa hivyo muda wa kutosha mtu kusema bismillahi na kumaliza. Kisha akakigeuzia ubavu, akakwaruza sakafu kwa mguu wa mbele mara mbili tatu, vile anavyofukia uchafu wake mchangani. Ndiyo hukumu ya kwanza hiyo. Sikumlazimisha. Nilikisogeza mbali kidogo na chombo chake cha chakula, na kila siku nikakikaribisha zaidi. Siku aliyokula huku kakikalia kitambaa cha Ng'ambo nilimwita mume wangu aje aone, akaja, akasema, "Paka anakula." Wanaume.

Chakula chenyewe nacho kilifanya kazi kubwa. Tuliwalisha kila mmoja upande wake wa mlango wa stoo. Mwanzoni sahani ziko mbali, Sijali anakula karibu na jiko kabisa, anausikia tu mlango. Akila kwa raha, mlo unaofuata nasogeza hatua moja. Akisita au akikodolea mlango, narudisha nyuma bila kinyongo. Ramadhani ilitusaidia hapa, maana ratiba ya nyumba ilikuwa imenyooka: wanakula sisi tukifuturu, wanakula tena wakati wa daku, nyumba kimya, watoto wamelala, hakuna pikipiki njiani. Menyu ni kibua cha kuchemsha kilichotolewa miiba, nawatengea kabla sijatia chumvi na kitunguu. Kitunguu, na kitunguu saumu pia, huharibu damu ya paka, hata kikiwa kimepikwa kwenye mchuzi. Maziwa sikuwapa. Paka wengi wakubwa hawayawezi, yanawaharisha, na mchanga naubadilisha mimi.

Ubaya wa ratiba hiyo ni kwamba Idd imepita na mpaka leo saa kumi usiku wananiamsha wakale daku.

Kitu kimoja nilikiangalia kuliko vyote: je, Sijali anakula? Paka kugoma chakula kwa hasira si jambo la kuchekea. Asipokula siku mbili tatu, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini likaanza kushindwa, hasa kama ni mnene. Sijali ni mnene. Alipunguza, lakini hakuacha. Angeacha, ningemrudisha Ng'ambo nyuma hatua zote bila kuona haya.

Baada ya vitambaa na milango tukawabadilishia vyumba. Sijali anaingia stoo, Ng'ambo anatoka kuzunguka nyumba, bila kukutana. Sijali alikagua stoo gunia kwa gunia, akamaliza kwa kujisugua kwenye mkeka wa mama mkwe, kama anamkumbusha mtu jambo. Ng'ambo kwa upande wake alitembea tumbo chini ukutani mpaka ukumbini, akafika kwenye cherehani, akanusa pedeli, akasugua shavu lake kwenye mguu wa chuma. Shavu la pili, mguu wa pili. Nikapata moyo sana. Paka anayesugua amekwisha kuanza kukaa.

Kuonana tulifanya kupitia chandarua. Nilichukua cha zamani, nikakikunja mara mbili, nikakipiga pindo na kukipigilia kwenye fremu ya mlango wa stoo kwa vipande vya mbao. Paka akiamua atakichana, kwa hiyo hatukuwaacha peke yao hata dakika moja. Ila kwa mkutano mfupi wenye kibua huku na huku, kinatosha. Sijali alimwona, mkia ukavimba, mgongo ukapanda, akamfokea "khhhh!" mpaka mama mkwe akaacha tasbihi. Mume wangu akainua ndara amtishe. Nikamshika mkono. Kufoka si vita. Anasema, ishia hapo hapo. Ukimpiga paka kwa kufoka unamfundisha kwamba kila anapomwona mwenzake ndara inakuja, na siku nyingine hatafoka, atarukia moja kwa moja. Ng'ambo alielewa kuliko mume wangu: alikaa chini, akageuza uso pembeni, akaanza kujilamba mguu ambao haukuwa na uchafu wowote.

Mimi kilichokuwa kinanitisha ni ukimya. Paka aliyekaa katikati ya korido, mwili umetulia tuli, macho hayapepesi, ncha ya mkia tu inacheza. Huyo hafoki, hapigi kelele, na mwenzake haendi kunywa maji wala kujisaidia kwa sababu njia imefungwa. Watu wanaona amani hapo. Nikimkuta Sijali hivyo, sipigi kelele, napitisha kipande cha mkanda wa kitambaa mbele yake, naburuta, anafuata, macho yanatoka kwa Ng'ambo. Na mimi mwenyewe nikiwatazama napepesa taratibu, nafumba na kufumbua. Watafiti wa Uingereza waliandika mwaka 2020 kwamba paka hujibu kwa kufanya vivyo hivyo, na humsogelea zaidi mtu anayewapepesea. Mama mkwe anasema mimi na paka tunakonyezana.

Siku ya Idd niliwafungia wote wawili, kila mmoja chumba chake. Watoto wa mtaa mzima wanaingia na kutoka kudai sikukuu, milango iko wazi, viatu vipya vinapiga sakafu. Siku ya namna hiyo haifai kuanzisha undugu.

Baada ya Idd tukatoa chandarua. Walikaa ukumbi mmoja, mimi nikiwa kwenye mashine, kila mmoja pembe yake, muda mfupi halafu tunawatenganisha wakiwa bado wametulia. Mambo yakawa yananyooka, mpaka usiku ambao shume mmoja wa mtaani alipanda ukuta wa uani akaanza kuimba. Sijali alikuwa dirishani. Alimwona, akavimba, akakosa pa kumfikia, akageuka, na aliyekuwa karibu ni Ng'ambo aliyelala zake. Alimrukia kama yeye ndiye shume. Manyoya yaliruka mpaka kwenye kanzu ya mtu iliyotundikwa.

Hapo mkono haupelekwi. Niliteremsha ungo kutoka ukutani nikauingiza katikati yao, hawaonani, mume wangu akamfungulia Ng'ambo mlango wa stoo, akaingia mwenyewe. Jino la paka ni jembamba na refu, linapeleka uchafu ndani ya nyama, jeraha linafunga juu huku chini linatunga usaha. Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kama dakika 15, halafu nenda hospitali, na paka akiwa hana chanjo usisubiri kesho. Sisi hakuna aliyeguswa. Sijali tulimwacha gizani peke yake apoe, maana hasira ya aina hiyo huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku, na anayempapasa ndiye anayeng'atwa. Kulipokucha tukarudi kwenye chandarua na kibua. Safari hii walikwenda haraka zaidi. Dirisha la uani nikalishonea pazia zito la nusu ya chini.

Kilichomaliza kesi ni mgao wa nyumba. Paka wawili wakiwa na chombo kimoja cha maji, beseni moja la mchanga na kiti kimoja kizuri, umewapa cha kugombania kila siku. Mabeseni ya mchanga tunayo matatu, maana hesabu inayoshauriwa ni moja kwa kila paka na moja la ziada, na hayakai sehemu moja. Mchanga nautoa pwani, nauchekecha, nauanika juani. Unazolewa kila siku, na si wifi yangu anayeuzoa, kwa sababu ana mimba. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma vinavyodhuru mtoto tumboni, na huchukua siku moja au zaidi nje ya paka kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuzoa kila siku ni kinga pia. Wifi amelipokea agizo hili kwa furaha ambayo nadhani itaendelea hata baada ya kujifungua.

Maji yako mbali na chakula, sehemu mbili. Juu ya kabati la vitambaa nimeweka ubao na kanga ya shangazi, ndipo kwa Ng'ambo, anafika kwa kupandia sanduku na kushukia upande wa pili wa cherehani. Paka asiyependa ugomvi anahitaji kwenda juu, na anahitaji njia mbili, ya kupanda na ya kutorokea. Meza ya kukatia imebaki ya Sijali. Hiyo sikuijaribu hata kidogo.

Wapendwa wanaouliza kama sasa wanalala wamekumbatiana: hapana, na sitarajii. Wanapishana koridoni bila kusimama. Asubuhi, wakisubiri nifungue mlango wa jikoni, hunusana pua haraka kisha kila mmoja anajifanya hakufanya hivyo. Sijali akimchoka anampiga kofi la kucha zilizofichwa, Ng'ambo anapanda kabatini. Panya sijaona, majora ni mazima.

Juzi tulimpeleka Ng'ambo kuhasiwa, maana dume akikomaa huanza kurushia mkojo ukutani, na ukumbi wangu ni duka. Aliporudi ananuka dawa, Sijali akamfokea kana kwamba hajapata kumwona. Nilikuwa nimejiandaa. Ng'ambo akalala stoo usiku mmoja kwenye kanga yake, nikamsugua na kitambaa nilichokwisha kumsugulia Sijali, kesho yake wakanusana jikoni kama kawaida.

Sasa dada yake mama mkwe, wa Mingoyo, ametuma salamu kwamba paka wake amezaa, na kuna mmoja mwekundu "ametulia sana, hamtajua kama yupo". Mama mkwe ameniuliza mara mbili, tena mbele ya wageni. Nimemjibu kwamba stoo imejaa magunia ya ufuta ya mwanawe mpaka chama cha msingi cha ushirika kifungue mizani, na mgeni bila stoo simpokei. Ameanza kumuuliza mume wangu ufuta utaondoka lini.